Kilti ya Lorne

Senga Rankin aliwapikia watoto wa watu kwa miaka ishirini na miwili katika jiko la shule moja ya msingi mjini Greenock, na katika miaka yote hiyo alichelewa kazini mara mbili tu. Mara ya kwanza aliteleza kwenye barafu akateguka kifundo cha mguu. Mara ya pili ilikuwa Jumanne moja ya Novemba, polisi wawili walipogonga mlango wake saa moja asubuhi kumwambia kwamba mwanawe Lorne amekutwa amekufa.

Yule polisi wa kike alinyoosha mkono amshike bega. Senga akamkwepa.

"Ngoja kwanza nizime uji," akasema.

Akaenda jikoni, akauzima, akarudi, akakaa. Walimweleza kwamba jirani ndiye aliyemkuta, kwenye kile chumba alichopewa na halmashauri, amekaa sakafuni, mgongo ukutani, kichwa kimeegemea begani. Alikuwa hivyo tangu Jumapili. Sindano ilikuwa kando yake. Senga alisikiliza yote, halafu akauliza swali moja.

"Mlikuta hita imewashwa?"

Polisi wakatazamana. Hapana, haikuwa imewashwa.

Lorne alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Kilichomuuma mama yake siku zile za mwanzo ni kwamba hakuna aliyeshangaa. Mtaa mzima ulikuwa ukiingoja habari ile kwa miaka kumi na zaidi. Watu walikuja na keki zao na kadi zao, wakasema, "Pole sana, Senga, jamani," kwa sauti za watu waliokuwa na maneno hayo tayari mfukoni muda mrefu, wakipima tu siku ya kuyatoa. Mmoja alisema angalau sasa atapumzika, na haikueleweka kama anamsema marehemu au mama yake.

Serikali iliushikilia mwili kwa siku tisa ili madaktari waupasue na kuthibitisha kile ambacho kila mtu alikijua. Katika siku hizo tisa Senga hakuwa na la kufanya. Hakuruhusiwa kumwona, hakuweza kupanga tarehe ya kuzika, na mkuu wa shule alimkatalia kurudi jikoni. Ndipo wazo la kilti lilipomwingia, na lilipomwingia halikutoka.

Ilikuwa hivi. Lorne alipokuwa na miaka kumi na saba, mwaka wake wa mwisho shuleni, wavulana wote walijiandaa kwa dansi ya kuagana. Kwa dansi hiyo mvulana huvaa kilti, lile vazi la sufu la miraba linaloshuka hadi magotini, na asiye nayo huikodi. Lorne hakuwahi kuvaa hata siku moja. Baba yake, Dougie, alikuwa keshaondoka nyumbani, na kilti yake alikuwa ameiuza zamani. Basi Senga akamwekea mwanawe nafasi kwenye duka la kukodisha, akalipa arubuni, na Lorne akapimwa. Alirudi nyumbani siku hiyo akitembea kama kanali. Tangu utoto wenzake walikuwa wakimwita Soseji, kwa kuwa jina lake ni jina la ile soseji bapa wanayoila kwenye mkate asubuhi, na alimwambia mama yake, "Mwaka huu wataniita bwana Rankin, utaona."

Wiki moja kabla ya dansi Senga alifungua pochi yake akakuta noti mbili hazimo, na chini ya godoro la Lorne akakuta bangi. Alipandwa na hasira. Akapiga simu dukani akafuta nafasi ile. "Mwizi havai kilti kwangu," alimwambia. Lorne hakubisha. Jioni ya dansi alisimama dirishani akiwatazama wenzake wakiteremka mtaa ule wa mlima, makundi makundi, wakicheka, miraba ikichezacheza magotini. Alisimama pale mpaka wa mwisho akapita.

Senga hakuwa mjinga. Alijua mtu haanzi heroini kwa sababu ya kukosa dansi. Alijua yalikuwapo mengine: kazi zilizokosekana, marafiki, Dougie, yeye mwenyewe. Lakini usiku wote aliowahi kukesha akimngoja, picha iliyomjia ni ile ya mgongo wa mtoto dirishani.

"Nataka nimzike na kilti," alimwambia dada yake.

Netta alikuwa amemzidi miaka minne, na tangu mama yao afe alijipa cheo cha mama. Aliweka kikombe chini.

"Senga. Yule mtoto alikuwa anatembea hana soksi. Soksi! Wewe unamtafutia kilti?"

"Ndiyo."

"Unajua kilti mpya ni bei gani? Unazika mshahara wa mwezi mzima ardhini, wadudu wavae."

"Sikukuomba senti yako."

"Na hiyo uliyo nayo ni ya safari. Umejinyima mwaka mzima uende Hispania na wenzio wa jikoni, ukaone jua walau mara moja kabla hujafa."

"Jua halina miguu, Netta. Litakuwepo tu."

Pesa ya safari ilikuwa pauni mia na ishirini, ndani ya kopo la biskuti. Kesho yake Senga aliteremka nazo mjini huku mvua ikimpiga ubavuni, akaingia duka la kwanza aliloliona lina kilti dirishani. Lilikuwa duka la watalii wanaoshuka kwenye zile meli kubwa, limejaa skafu, vikombe na wanasesere wenye ndevu nyekundu. Kilti zilikuwa zimepangwa kwenye hanga kama taulo. Pauni thelathini. Kijana wa mauzo hakuuliza kipimo. "Inamfaa mtu yeyote, mama," akasema. "Ni ya kunata tu hapa kiunoni."

Alipoifungua mezani nyumbani ndipo alipoiona vizuri. Haikuwa sufu. Ilikuwa nyuzi za plastiki, nyepesi, inang'aa, na kila alipoipapasa ilitoa cheche na kumsimamisha vinyweleo vya mkono. Marinda ya nyuma yalikuwa yamepigwa pasi tu, hayakushonwa. Alipoinyanyua, yakafumuka yote.

Netta aliitazama muda mrefu.

"Ukimsogezea mshumaa," akasema, "hatufiki makaburini."

Senga akaangua kicheko. Netta naye akacheka. Walicheka mpaka wakashikana, na kile kicheko kikageuka katikati kuwa kilio, na Netta akamwachia ghafla akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Dukani walikataa kuirudisha pesa. Jioni ile Senga aliikunja ile nguo akaitia kwenye pipa la taka.

Mwanamke mmoja wa jikoni ndiye aliyemwelekeza kwa Bi Isbister. Alikuwa mshonaji wa kilti, mzaliwa wa visiwa vya kaskazini, umri wake umepita sabini, na alikuwa na chumba ghorofa ya pili juu ya kinyozi. Hakuwa na kibao nje. Senga alipanda ngazi akamkuta ameinama juu ya meza ndefu, miwani puani, pini sita mdomoni, akihesabu miraba ya kitambaa kwa ncha ya kidole. Hakuinua kichwa mpaka alipomaliza.

"Karibu. Ya nani?"

"Ya mwanangu."

"Kilti nzima ni yadi nane za sufu, kwa mkono tu, hakuna cherehani. Wiki tatu, na orodha yangu imejaa mpaka Februari. Anaitaka lini?"

"Jumanne."

Bi Isbister akatema pini kiganjani. "Jumanne ipi?"

"Hii."

"Mwanangu, usinichekeshe. Labda ya mtumba, iliyokwisha kuvaliwa. Ninazo chache watu huniachia niwauzie. Mlete nimpime."

"Hawezi kuja."

"Yuko baharini?"

"Hapana."

"Basi na aje kesho. Kilti haikisiwi kama kofia. Nikikosea inchi mbili kiunoni itamkaa kama ndoo."

"Amekufa," Senga akasema. "Wamemtoa leo hospitali. Yuko kwa Cargill."

Cargill alikuwa mzishi. Kila mtu mjini alimjua. Bi Isbister alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa aproni, akaivaa tena. Hakusema pole. Alivuta droo, akatoa utepe wa kupimia, akausogelea mwili wa Senga mwenyewe bila kumwomba ruhusa.

"Basi utampima wewe. Tazama. Hapa, juu ya kitovu, siyo pale suruali inapokaa. Cha kwanza hicho. Cha pili, nyonga, pale palipotokeza zaidi. Cha tatu, kutoka pale pa kwanza mpaka katikati ya goti. Katikati, siyo juu, siyo chini. Umeshika?"

"Nimeshika."

"Rudia."

Senga akarudia, akigusa kiuno chake mwenyewe, kama mtoto anayesomeshwa viungo vya mwili.

Bwana Cargill alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mikono baridi. Alimpokea mlangoni, akasikia shida yake, akasema, "Bi Rankin, niachie mimi hiyo kazi. Nitakuandikia vipimo."

"Nashukuru. Nitampima mwenyewe."

"Bado hatujamtengeneza. Amepasuliwa. Na alikaa siku mbili kabla hawajam—"

"Bwana Cargill, mimi ndiye niliyekuwa namtoa chooni amezirai. Twende."

Chumba kilikuwa na baridi ya makusudi. Lorne alilazwa juu ya meza ya chuma, shuka jeupe mpaka kidevuni. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi upande mmoja, ule uliolala begani, lakini ulikuwa uso wake. Senga alisimama akaungoja moyo wake ufanye kile ulichotaka kufanya. Haukufanya kitu. Basi akautoa utepe mfukoni.

Cargill aliinua shuka kwa namna ya kuyafunika mapaja kwa taulo, na Senga akajua anaficha madonda ya sindano.

"Nimeshayaona," akasema. "Nimeyafunga bendeji mara ngapi, hayo."

Akapitisha utepe chini ya mgongo wa mwanawe. Cargill akamwinua kidogo ili upite. Ngozi ilikuwa baridi na nzito, haikuitikia. Senga akaukutanisha utepe juu ya kitovu, akasoma. Inchi ishirini na sita. Akaona amekosea, akapima tena. Ishirini na sita. Alikuwa amedhani thelathini na mbili. Alikaa miezi mingi akimwona mwanawe amevaa makoti mawili, fulana juu ya fulana, hata kiangazi, na hakujua ndani yake kumebaki nini.

Alipofika kwenye goti utepe ukateleza kule juu. Cargill aliishika ile ncha ya juu, akaituliza pale kiunoni, Senga akapima mpaka chini. Akaandika namba tatu nyuma ya kadi ya rambirambi. Kabla ya kutoka akamtengenezea Lorne nywele za mbele kwa vidole.

Bi Isbister aliisoma ile kadi akiwa amesimama karibu na dirisha.

"Kiuno hiki ni cha mvulana wa shule."

"Ndicho kilichobaki."

Mshonaji akaguna. Akaenda kwenye kabati la nyuma, akafungua masanduku mawili, la tatu akaja nalo mezani. Ndani, kwenye karatasi laini, ilikuwemo kilti ya rangi ya kijani na buluu iliyokolea, mistari myeupe imepita kati, kitambaa kizito kinacholala kilipowekwa. Marinda yalikuwa yameshonwa kwa mkono, mshono mdogomdogo usioonekana mpaka uinamie. Senga aliigusa. Ilikuwa na uzito wa mnyama aliyelala.

"Nilimshonea mtoto wa daktari wa meno, akiwa na miaka kumi na sita," Bi Isbister akasema. "Kwa dansi ya shule. Kiangazi kimoja akanenepa, mama yake akairudisha. Imevaliwa mara moja."

Senga akavuta kiti akakaa.

"Unaumwa?"

"Hapana. Endelea."

"Miraba hii ni ya ukoo wa Lamont. Ninyi ni Rankin, siyo wa kwao. Lakini huko anakokwenda sidhani kama wanauliza. Bei nimewekewa mia na sitini."

Senga aliweka mezani alichokuwa nacho. Zilikuwa tisini. Hakujieleza wala hakuomba. Aliziweka tu na kuvuta mkono. Bi Isbister hakuzitazama. Aliigeuza kilti, akaikunjua upande wa ndani, akaonyesha kidole. Palikuwa na tundu la nondo, dogo kama punje ya mchele, na jingine pembeni yake.

"Tazama. Imekaa kabatini miaka mitatu na mimi sikuiangalia. Ni kosa langu. Mwenye kilti yenye tundu hamuuzii mtu mia na sitini. Tisini ni bei yake."

"Usinihurumie."

"Sikuhurumii. Nikutajie ukweli? Kilti hii ilinichukua siku kumi na saba. Nimeshona arobaini na minane, miaka siyo kilti, na vidole hivi havifungi tena vifungo vyangu mwenyewe. Sipendi kazi yangu iende shimoni. Ingekuwa hiari yangu ningemuuzia kijana aicheze mpaka ichakae. Lakini wewe ndiye uliyekuja." Akavuta kidonge cha uzi wa kijani, akautunga kwenye sindano. "Kaa nizibe haya matundu. Haitoki kwangu hivi."

Akaziba, polepole, na Senga akakaa akimtazama. Alipomaliza akamwonyesha namna ya kuivalisha.

"Huu mkunjo wa chini unakwenda hivi, huu wa juu unakuja juu yake, unaishia nyonga ya kulia. Kulia kwake, siyo kulia kwako. Ukikosea umemvalisha sketi ya mwanamke, na watu watanitukana mimi."

Siku mbili baadaye, kwa Cargill, walimvalisha pamoja. Mzishi alimweleza kwamba suti huikata mgongoni, kwa sababu mikono ya maiti haikunjiki, na Senga akashtuka, akaikumbatia kifuani kilti ndani ya karatasi yake.

"Hii huikati!"

"Haihitaji, Bi Rankin. Katika nguo zote hii ndiyo isiyotupa taabu. Unaitandaza, unamlaza juu yake, unamfunga."

Ikawa hivyo. Waliitandaza, marinda chini, wakamlaza, wakazileta zile pande mbili juu, na Senga akafunga vile vimikanda vya ngozi vya kiunoni, kimoja kushoto, viwili kulia. Kulia kwake. Shati jeupe la mikono mirefu lilitoka kwa Cargill, ambaye alisema lilisahauliwa na mteja. Soksi ndefu za sufu Senga alizifuma mwenyewe siku zile tisa, alipokuwa hajui anafuma nini. Zilifika chini kidogo ya magoti. Magoti yenyewe yalibaki wazi, meupe, makubwa kuliko mapaja.

Netta alikuja jioni, koti limelowa, kinywa tayari kimejaa maneno. Aliingia, akaona jeneza lililo wazi, akasimama.

Kilti ilikaa sawasawa. Pale kiunoni palipokuwa hapana kitu, sufu ilikuwa imempa mwili.

"Amependeza," Netta akasema hatimaye. "Mshenzi huyu. Amependeza."

"Angependeza vilevile kwenye harusi ya binti yako."

Hakuwa amepanga kulisema. Lilitoka. Miaka mitatu iliyopita Netta alikuja kumwambia kwa upole kwamba ingekuwa afadhali Lorne asije harusini, kwa ajili ya wakwe, kwa ajili ya picha, na Senga akakubali. Hata yeye akakubali. Ndiye aliyempelekea mwanawe ujumbe.

Netta akawa mwekundu. "Aliiba saa ya mume wangu, Senga."

"Najua."

"Aliiba saa akaja kuniuliza kama nimeiona. Alikaa jikoni kwangu akanisaidia kuitafuta!"

"Najua, Netta. Mimi aliniibia mpaka pasi."

"Basi unanilaumu nini?"

"Sikulaumu. Nimesema tu angependeza."

Netta alichukua mkoba wake akatoka. Mlango haukubamizwa, ulijifunga wenyewe kwa ule ulaini wa milango ya mahali kama pale, na hilo lilikuwa baya zaidi. Senga akabaki na mwanawe mpaka Cargill alipokuja kuzima taa.

Walimzika Jumanne, kwenye kaburi la familia alimolazwa bibi yake, lililokuwa limebaki na nafasi moja. Mvua ilikuwa nyembamba, ile isiyolowesha mwavuli lakini inaingia mifupani. Walikuja watu kumi na wanane: wanawake watano wa jikoni, majirani, vijana wawili waliokonda waliosimama mbali kando ya ukuta na kuondoka kabla hawajasemeshwa. Bi Isbister hakuja. Netta alikuja, akasimama upande wa pili wa shimo.

Kwao jeneza hushushwa kwa kamba, na kila kamba hupewa mtu wa karibu. Cargill huwagawia kadi ndogo zenye namba. Ya kwanza, ya kichwani, ni ya baba, na kama hakuna baba ni ya kaka au mjomba. Mwanamke hapewi kwa kawaida. Hakuna sheria, ni mazoea tu. Senga alikuwa amemwambia Cargill mapema amwandikie yeye namba moja.

Dougie alifika wakati mchungaji ameshaanza. Hakuwa amelewa. Afadhali angelewa. Alikuwa amenyoa, amevaa koti la kuazima lililombana kwapani, na macho yake yalikuwa yamevimba kama ya mtu aliyelia barabara nzima. Cargill alipompa kadi aliitazama, akaja mpaka alipo Senga.

"Hii ni namba mbili."

"Ndiyo."

"Namba mbili ni ya miguuni. Ya kichwa ni ya baba, Senga. Watu wanatazama."

"Waache watazame."

"Mimi ni baba yake."

"Basi shika miguu," Senga akasema, kwa sauti ya chini. "Mimi nilishika kichwa kikitapika. Shika miguu, Dougie, au rudi kwako."

Dougie akaenda miguuni, akaiokota kamba yake, akaizungusha kiganjani.

Jeneza halikuwa zito. Wanane walioshika kamba walilisikia wote wakati mmoja lilipotoka kwenye mbao, namna lilivyowapandia mikononi kwa wepesi, na mmoja wao, jirani wa Senga aliyewahi kubeba mizigo gatini, alimtazama mwenzake akainamisha uso. Kamba ilimteleza Senga kidogo kwa sababu ya mvua, ikamchubua. Hakuiacha. Lilipogusa chini, walidondosha ncha za kamba juu ya kifuniko kama ilivyo ada. Ya kwake ilikuwa ya mwisho.

Baadaye walikula pai ya nyama na viazi kwenye ukumbi wa klabu. Dougie hakuingia. Watu walisema mazishi yalikwenda vizuri. Mwanamke mmoja, asiye na nia mbaya, aliuliza kama ni kweli kijana amezikwa na kilti ya sufu safi, na bei yake ilikuwaje, na Senga akamjibu, "Ilikuwa na tundu."

Alirudi jikoni shuleni wiki iliyofuata. Hakwenda Hispania, wenzake walikwenda bila yeye wakamletea chupa ya mafuta ya zeituni. Februari aliugua kifua akalala siku kumi, na Netta hakuja, alituma tu supu kwa mkono wa mumewe. Kaburi lilikuwa halijawekwa jiwe, kwa maana udongo unapaswa kutulia kwanza. Jumapili alikuwa akienda, anasimama kidogo, anarudi. Watu walipomwuliza kama imemsaidia kumvalisha vile alisema hajui. Usiku bado alikuwa akiamka akisikiliza kama kuna mtu anahangaika na kitasa cha mlango.

Mwezi wa Machi ikaja barua ya serikali, ya madaktari wale. Ilikuwa na orodha ya yaliyokutwa kwenye damu ya Lorne, majina manne marefu ambayo ulimi wake haukuweza kuyatamka, na mstari mmoja mwishoni ukisema kwamba suala limefungwa. Senga aliisoma akiwa amesimama mbele ya sinki. Akaisoma tena. Kisha akampigia dada yake simu kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na alipopokelewa hakuweza kusema chochote.

"Nakuja," Netta akasema.

Alikuja na basi la kwanza. Senga alikuwa ameketi mezani na gunia la viazi miguuni, anamenya, lundo la maganda limeanza kuporomoka sakafuni. Alikuwa ameshamenya vya kutosha watu ishirini. Barua ilikuwa pale, wazi. Netta aliisoma ubavuni mwake mpaka mwisho, midomo ikimcheza kwenye yale majina. Akaikunja, akaitia kwenye bahasha yake.

Halafu akavua koti, akaosha mikono, akafungua droo akatafuta kisu cha pili.